Kuwatoa vifaranga nje na kuwaunganisha na kuku wakubwa: mwongozo kwa wafugaji wa Tabora

Kifaranga aliyelelewa kwenye bruda, yaani chumba au boksi lenye joto la kulelea vifaranga, ana hatua mbili ngumu mbele yake: kutoka nje, na kukutana na kuku wakubwa. Hasara nyingi huanzia pale mfugaji anapozifanya zote mbili siku moja. Anafungua mlango asubuhi, anawaachia vifaranga uani na kusema watazoeana wenyewe. Siku hiyohiyo kifaranga anakutana na baridi, upepo, ardhi asiyoijua, kinyesi cha kuku wakubwa chenye vijidudu, na midomo ya matetea wanaomwona mvamizi. Kimoja kimoja angevimudu. Vikimjia kwa pamoja anashinda njaa, mwili unapoteza nguvu ya kupambana na magonjwa, na baada ya siku nne au tano mfugaji anaokota mizoga akidhani ni kideri (ugonjwa wa Newcastle).

Kwa hiyo tenganisha. Kwanza vifaranga watoke nje wakiwa peke yao. Kisha waonane na wakubwa kupitia wavu. Mwisho wachanganywe. Ukienda hivyo, kazi inakamilika vifaranga wakiwa na umri wa wiki 10 hadi 12. Ni muda mrefu, lakini hakuna njia ya mkato ambayo haikugharimu vifaranga.

Kabla ya kumtoa yeyote

Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Kila wiki punguza nyuzi tatu hivi, ili kufikia wiki ya tano wawe wanaishi kwenye nyuzi 21 bila shida. Kama huna kipimajoto, wasome wenyewe. Wakijibana chini ya taa au kuzunguka jiko, wanaona baridi. Wakikimbilia kingo za bruda huku wametanua mabawa na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala kiubavu na mguu mmoja umenyooka, joto ni sawasawa.

Umri peke yake hautoshi kukuambia kifaranga yuko tayari, tazama manyoya. Mshike mmoja mkononi, mfunue bawa utazame chini yake, kisha mgongo juu ya mkia, kisha nyuma ya shingo. Malaika, yale manyoya laini ya utotoni, yakiwa yamebaki kichwani tu, ngozi imekwisha kufunikwa. Kwa wengi hilo hutokea kati ya wiki ya tano na ya sita. Kuku wa kienyeji hutofautiana sana ndani ya kundi moja, kwa hiyo shika sita au saba, usiridhike na mmoja.

Baada ya hapo zima joto usiku, wakiwa bado ndani ya bruda, kwa siku tatu au nne. Saa nne usiku nenda na tochi ukawaangalie. Wakiwa wamelala bega kwa bega, wametandaa sakafuni, wako tayari. Wakiwa wamepandana na kufanya lundo, rudisha joto na ujaribu tena baada ya siku tano. Lundo ni hatari kuliko baridi yenyewe, kwani walio chini hukosa hewa na kufa. Ndiyo maana pembe za bruda, na baadaye pembe za banda jipya, huzibwa kwa maboksi au mabanzi yaliyopindishwa ili chumba kisiwe na kona ya kujisokomeza.

Chanjo nazo ziwe zimekwisha kutangulia. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni kideri siku ya 7, gumboro (ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya mwili) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui ya kuku kwa kuchoma kwenye utando wa bawa kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kila dawa ina maelekezo yake, na afisa mifugo wa kata anaweza kukurekebishia ratiba kulingana na magonjwa yaliyopo eneo lako. La kushika ni hili: usichanje na kuhamisha siku moja. Mwili unahitaji karibu wiki mbili kujenga kinga, na kifaranga aliyetikiswa na uhamisho hujenga kinga dhaifu.

Majira ya Tabora yanabadilisha kalenda

Mji wa Tabora uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai si wa kubeza. Joto hushuka hadi karibu nyuzi 15, siku nyingine chini ya hapo, na asubuhi upepo wa mashariki unapenya kila tundu. Vifaranga wanaotimiza wiki sita katika miezi hiyo waongezewe wiki moja au mbili ndani. Walioanguliwa Septemba wana bahati: wakifika Oktoba mchana ni joto la zaidi ya nyuzi 30, na unaweza kuanza kuwatoa kwa matembezi mafupi wakiwa na wiki tatu tu. Hatari ya Oktoba ni jua kali na maji kukauka, si baridi.

Mvua zikianza Novemba, adui ni unyevu. Kifaranga aliyelowa hupoteza joto haraka sana hata kama hali ya hewa ni ya joto, na takataka za sakafuni zikiloa, vijidudu vya kuhara damu huzaliana. Ukiweza kuchagua, totolesha kwa hesabu kwamba vifaranga wanatoka nje kati ya Agosti na mwanzoni mwa Novemba, au tena kuanzia Aprili mwishoni mvua zinapopungua. Kigoma, kando ya ziwa, kuna joto zaidi na mwinuko ni mdogo, kwa hiyo kikwazo cha Juni si kikali. Mvua ni tatizo lilelile.

Banda la mpito

Vifaranga wanaotoka bruda hawaendi kwenye banda la wakubwa. Wanakwenda kwenye banda lao dogo, lililo ubavuni mwa lile kubwa, lenye uwanja wake uliozungushiwa wavu. Kwa vifaranga 30, chumba cha kulala cha mita 2 kwa mita 1.5 kinatosha, yaani ndege 10 kwa mita moja ya mraba, na uwanja wa mita 3 kwa 4.

Kuta za mabanzi ni rahisi kupatikana Tabora kwa sababu ya viwanda vya kupasua mbao. Panga banda refu kuelekea mashariki na magharibi ili jua lisiingie moja kwa moja ndani, na ukuta wa mashariki uzibwe kabisa kwa matofali au kwa udongo uliokandikwa juu ya mabanzi. Upande wa kaskazini na kusini acha wavu sehemu ya juu ili hewa ipite juu ya migongo ya ndege, wala si usawa wa migongo yao. Banda lililozibwa pande zote kwa nia njema ya kukinga baridi hujaa harufu kali ya mkojo na kuleta mafua.

Sakafuni mwaga maganda ya mpunga, unene wa sentimita 8 hadi 10. Wanaokaa karibu na mashine za kukoboa Igunga na Nzega hawakosi. Maranda ya mbao nayo yanafaa, lakini vumbi laini la msumeno halifai: linaingia puani, na vifaranga hulila. Katika wilaya za tumbaku, Urambo, Kaliua na Sikonge, usitandike kamwe mabua wala mabaki ya majani ya tumbaku. Nikotini ni sumu kwa ndege. Kama unageuza bani la zamani, yaani chumba cha kukaushia tumbaku, kuwa banda, fagia, kwangua kuta, na utoe kila chupa na gunia la viuatilifu kabla kifaranga hajakanyaga humo.

Wavu wa chini, angalau sentimita 60 kutoka ardhini, uwe wa matundu ya nusu inchi. Wavu wa tundu kubwa unamzuia kuku, haumzuii kicheche wala nyoka, na kifaranga hutoa kichwa nje kikabaki hukohuko. Chimbia wavu sentimita 30 ardhini, au uulaze nje ya uwanja na kuukandamiza kwa mawe. Juu ya uwanja tandaza nyavu kuukuu za kuvulia au matawi yenye majani, kwa sababu ya mwewe na kunguru. Nguchiro na kenge huja mchana. Kicheche na paka pori huja usiku. Wakati wa mvua kuna siafu, nao wanaweza kummaliza kifaranga usiku mmoja. Banda lililoinuliwa liwekewe miguu ndani ya makopo yenye oili chafu. La ardhini lizungushiwe jivu kavu, na libadilishwe kila mvua ikinyesha.

Siku za kwanza nje

Anza na nusu saa, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, umande ukiwa umekauka. Siku ya pili iwe muda wa saa moja. Ongeza taratibu mpaka siku ya saba washinde nje na kurudi kulala banda la mpito. Maji yawe kivulini, sehemu mbili, kwa vyombo ambavyo kifaranga hawezi kuingia na kuloa. Chombo kipana kijazwe kokoto, maji yaonekane kati ya mawe. Wape na changarawe ndogo au mchanga wa mtoni, kwa kuwa wakianza kula majani na wadudu, firigisi inahitaji kitu cha kusagia.

Chakula kisibadilike siku wanayohama. Endelea na chakula cha vifaranga mpaka wiki ya nane, kisha changanya nusu kwa nusu na cha kuku wanaokua kwa wiki moja. Mchwa ni nyongeza nzuri na haina gharama: jaza chungu kikuukuu kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua ya mahindi, nyunyizia maji, kifunike juu ya njia ya mchwa jioni, na asubuhi kabla jua halijapanda ukimwage uwanjani. Vifaranga wanaopewa mchwa hujifunza kuchakura haraka. Pumba au mahindi yenye ukungu usiwape hata kidogo. Sumukuvu huharibu ini la ndege mdogo polepole, na mfugaji huona tu kwamba hawakui.

Jambo litakalokusumbua zaidi kipindi hiki ni kuhara damu. Vijidudu vyake vimo kwenye udongo wowote ambao kuku wamewahi kuishi, na kifaranga akivipata kidogo kidogo hujenga kinga. Akivipata vingi kwa mara moja, hasa kwenye takataka zenye maji, anaugua. Dalili ni kujikunyata na manyoya kusimama, mabawa kulegea, kutokula, na kinyesi chenye damu au rangi ya kahawia nyekundu. Usisubiri kesho. Weka dawa yenye amproliamu kwenye maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na usiwape maji mengine mpaka siku zilizoelekezwa ziishe. Ondoa takataka zote zilizoloa, mwaga mpya kavu. Ukitibu bila kubadilisha sakafu, ugonjwa unarudi.

Kuwaandaa wakubwa

Watu huwaandaa vifaranga na kuwasahau wenyeji wao. Wiki mbili kabla ya kuwachanganya, wape wakubwa dawa ya minyoo, kagua chini ya mabawa na kuzunguka haja kubwa kama kuna utitiri, na pembeni mwa macho na upanga kama kuna viroboto vilivyong'ang'ania. Safisha banda, choma takataka za zamani, nyunyizia dawa kwenye nyufa za fito za kulalia maana utitiri hujificha humo mchana. Kama kuna mkubwa yeyote anayekoroma, ana makamasi au uso umevimba, ahirisha kila kitu. Kuku mzima anaweza kupona mafua akaendelea kubeba ugonjwa, na vifaranga wakaambukizwa naye.

Vifaranga au matetea ulionunua mnadani au kwa mtu mwingine wakae mbali na kundi lako kwa wiki tatu hadi nne. Wahudumie wa mwisho, baada ya kuku wako, na usivae viatu vilevile.

Kuonana bila kugusana

Wakiwa na wiki nane hivi, uwanja wa vifaranga na wa wakubwa utenganishwe na wavu tu. Hapo ndipo kazi halisi ya kuzoeana inafanyika, na isipungue siku 14. Kuku wana daraja: kila mmoja anamjua anayemzidi na anayezidiwa naye, na mgeni huvuruga mpangilio huo. Kupitia wavu wanapimana, wanatishana, wanachoka.

Sogeza vyombo vya chakula vya pande zote mbili karibu na wavu, wale wakiangaliana. Siku za mwanzo utaona tetea mkubwa akija mbio, shingo imenyooka, manyoya ya shingoni yamesimama, anagonga wavu kwa mdomo na vifaranga wanarudi nyuma. Ngoja. Inapofika siku ambayo anakula huku kifaranga amesimama upande wa pili na hakuna anayenyanyua kichwa, umekaribia.

Ukubwa wa mwili ndio kipimo cha mwisho. Kifaranga afikie angalau theluthi mbili ya umbo la wakubwa. Kuku chotara kama Kuroiler na Sasso hukua haraka na wanaweza kufika hapo mapema, hasa wakiunganishwa na kuku wa kienyeji. Vifaranga wa kienyeji mara nyingi hawajafika kabla ya wiki 12. Usimchanganye mmoja peke yake. Mgeni mmoja hubeba kipigo cha kundi zima. Wakiingia kumi, kipigo kinagawanyika.

Kuwachanganya

Fanya mchana kwanza, si usiku. Fungua kipenyo kati ya nyanja mbili saa kumi jioni, wakubwa wakiwa wameshiba, na ubaki hapo. Saa moja au mbili kabla ya giza zinatosha kwa siku ya kwanza. Wape kitu cha kuwashughulisha wote: fungu la mchicha lililoning'inizwa, au mtama uliotawanywa eneo pana ili mmoja asiweze kuulinda.

Vyombo viwe vingi kuliko unavyodhani vinahitajika. Vyombo vitatu vya chakula na viwili vya maji, mbalimbali, kiasi kwamba anayefukuzwa hapa asionekane akila kule. Weka pia maficho: banzi lililoegeshwa ukutani, boksi lenye milango miwili, kichaka. Maficho yenye mlango mmoja ni mtego, kwa sababu mdogo akiingia na mkubwa akifuata hakuna pa kutokea. Kifaa bora kuliko vyote ni kizuizi chenye upenyo wa sentimita 10 hadi 12 kati ya banzi na banzi, ambao mdogo anapita na mkubwa hapiti. Nyuma yake weka chakula na maji ya wadogo. Pima kwa kuku wako mwenyewe, maana tetea wa kienyeji mwembamba anaweza kupenya.

Kudonoa mara moja, kufukuza hatua chache, kumpanda mgongoni kwa sekunde mbili na kuondoka, hayo ni mazungumzo yao, usiingilie. Ingilia ukiona damu, au mkubwa anamfukuza mmoja huyohuyo bila kuchoka, au wawili watatu wanamshambulia mmoja. Damu inawavutia wengine kudonoa palepale, na kidonda kidogo kwenye mkia kinaweza kuwa shimo kabla ya jioni. Mtoe, mwoshe kwa maji ya chumvi, paka GV, ile dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau, ambayo pia inafunika ile rangi nyekundu, na umrudishe kidonda kikikauka. Mkubwa aliye mkorofi ndiye wa kutengwa, si kundi. Mfungie mahali asipowaona wenzake kwa siku tatu au nne. Akirudi atakuwa ameshuka daraja na ana lake la kujipigania.

Kila jioni shika wachache wa wadogo na uguse kifuko cha chakula kilicho kifuani, kulia kidogo. Kikiwa kimejaa na kigumu kidogo, ameshinda akila. Kikiwa kitupu kwa huyohuyo siku mbili mfululizo, ananyimwa chakula hata kama huoni ugomvi wowote. Huyo arudi banda la mpito pamoja na mwenzake mmoja, wakae wiki nyingine.

Mchana wakishatulia kwa siku nne au tano, wahamishie kulala. Subiri giza kabisa, wachukue bila kelele na uwapange juu ya fito, wadogo upande mmoja, kila ndege apate sentimita 15 hadi 20. Kesho yake fungua mlango alfajiri mapema, kwa sababu ugomvi wa ndani ya chumba kilichofungwa ndio mbaya zaidi. Baadhi watashuka na kulala kona. Wapandishe kila usiku kwa wiki nzima mpaka washike.

Kundi likiwa moja, chakula cha kuku wanaotaga kiondolewe. Kina kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati anayekua anahitaji karibu asilimia 1, na ziada hiyo huharibu figo zake. Wape wote chakula cha kuku wanaokua, na wanaotaga wawekewe chombo cha pembeni chenye chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa. Wenye mahitaji watakula, wasiohitaji wataacha. Utarudia chakula cha kutaga matetea wadogo wakianza kutaga.

Vifaranga walio na mama

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Kuku mwenye vifaranga huwalinda mwenyewe na kundi linawajua tangu utotoni. Tatizo ni mwewe na baridi ya asubuhi, hivyo wiki tatu au nne za kwanza mama na vifaranga wakae chini ya tenga kubwa au kwenye kizimba, wakipewa chakula humo. Usimchanganye kuku anayelea na vifaranga wakubwa wa bruda. Atawadonoa kichwani mpaka kuwaua. Ukitaka kumpachika vifaranga wa mashine, wawe na siku moja au mbili tu, na uwasukume chini yake usiku, akiwa na wake wa umri uleule. Vifaranga wa wiki moja hatawakubali, nao hawatamfuata.

Baada ya kuunganisha, kalenda ya chanjo nayo iwe moja. Kideri wapewe wote siku moja, wadogo kwa wakubwa, kila baada ya miezi mitatu, na mzunguko mmoja uangukie Julai au Agosti ili kinga iwe imara kabla ya joto la Septemba na Oktoba.